Mchezo wa Stesheni Usidharauliwe

Upo mchezo mmoja ambao mtu akiusikia kwa mara ya kwanza atadhani ni shughuli ya watu wasio na kazi. Huko London, na kumbukumbu za mwanzo ni za mwaka 1959, wapo watu wanaoshindana kupita katika stesheni zote za reli ya chini ya ardhi kwa siku moja. Aliyetumia muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Mwaka 2015 watu wawili walizimaliza stesheni 270 kwa saa 15, dakika 45 na sekunde 38. Wachezaji hawagombei mali. Wanagombea furaha na sifa. Sharti kubwa ni kwamba mchezaji anapohama kutoka njia moja kwenda nyingine aende kwa miguu au kwa chombo cha abiria wote. Teksi haramu, na gari la binafsi haramu.

Tunauleta mchezo huu mbele ya wasomaji wetu kwa sababu tunaamini kuwa wakati umefika wa kuuchezea hapa kwetu. Uwanja wake ni njia inayotoka visiwani, ikapita Dar es Salaam, ikaishia Morogoro chini ya Milima ya Uluguru.

Reli si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1905 Unguja ilikuwa na reli yake, iliyotoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kutandika reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Desemba 1907 ikafika Morogoro, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Reli yetu ya Bububu ilikufa katika miaka ya 1920. Ile ya bara iliendelea kuishi, na leo imepata mdogo wake. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikiwa na uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Nauli ya kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 13,000. Safari iliyokuwa ikimla mtu nusu ya siku barabarani sasa humalizika kwa muda usiozidi saa mbili hivi.

Hata hivyo, tusijidanganye. Reli ya London ina njia nyingi zinazopishana na kukutana kama utando wa buibui, na ndiyo maana mchezo wake unataka akili. Yetu ni njia moja. Kutoka Dar es Salaam zipo Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Jumla stesheni sita. Mtu akipanda treni inayosimama kote atazipita zote huku amesinzia, na hakuna ushindi katika usingizi. Hata tukiongeza treni za mjini zilizoanzishwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 2012, ambazo wananchi walizibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, bado mtandao ni mdogo.

Kwa hiyo mchezo wetu uwe na sura yake. Tunapendekeza uwe mchezo wa kuunganisha vyombo: boti, treni, daladala na miguu. Mchezaji aondoke bandari ya Malindi asubuhi, avuke bahari kwa saa mbili hivi, ateremke Dar es Salaam na kutembea mwendo mfupi hadi stesheni. Apande treni, apite vilima vya Pugu na bonde la Ruvu, mpaka Uluguru ijitokeze upande wa kushoto ikiwa imejifunika mawingu. Akifika stesheni ya Morogoro iliyoko Kihonda, atafute chombo cha abiria cha kumpeleka mjini, kisha apande kwa miguu hadi Morning Side, penye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Halafu arudi. Atakayelala nyumbani kwake Unguja usiku ule ule ndiye bingwa. Atakayekosa boti ya mwisho atalala Dar es Salaam na kujaribu siku nyingine.

Wapo watakaouliza: faida yake nini? Ya kwanza ni elimu. Mtoto wa skuli anaweza kukariri kuwa Mto Ruvu unatoka Uluguru, lakini akishauvuka mto huo asubuhi na mchana akasimama juu ya mlima unaouzaa, atafahamu kwa nini mkataji wa miti mlimani ni adui wa mnywaji wa maji Dar es Salaam. Na kijana wa Pemba akiongeza siku ya pili, akaenda upande wa Matombo, atastaajabu kuikuta mikarafuu imesimama miteremkoni kama kwao. Tembea uone, walisema wazee, nao hawakukosea.

Faida ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Mchezaji wa mchezo huu ni mkaguzi asiyelipwa. Msafiri wa kawaida akichelewa hunung'unika, akakaa juu ya mzigo wake na kusubiri. Lakini anayeshindana na saa huandika: boti ilitia nanga saa ngapi, treni iliondoka saa ngapi, ilimchukua muda gani kupata daladala Kihonda, na ni wapi alipoteza dakika 40 bila ya sababu. Daftari la mchezaji huyo lina thamani kuliko ripoti nyingi zinazolala katika makabati ya ofisi.

Tunasema hivyo kwa sababu tunaijua tabia ya ofisi zetu. Wenye boti wana ratiba yao, wenye treni wana yao, na wenye daladala huondoka gari lijaapo. Kila mmoja akiulizwa atasema upande wake uko sawa, na huenda anasema kweli. Lakini abiria hasafiri kwa upande mmoja. Mama anayempeleka mgonjwa Morogoro, au mwanafunzi anayekwenda chuoni Sokoine na sanduku lake, huanguka katika pengo lililoko baina ya ratiba na ratiba, na pengo hilo halina mwenyewe. Mchezaji anayecheza kwa furaha akilionyesha pengo hilo, anayefaidika ni mama yule ambaye hasafiri kwa mchezo.

Na pale chombo kinapochelewa kwa sababu ya kweli, wananchi waambiwe mapema. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya umeme ilipokwama, Shirika la Reli liliwataja ngedere na bundi kuwa miongoni mwa sababu za hitilafu. Watu walicheka, lakini walau walielezwa. Kunyamaza ndiko kunakoleta chuki.

Hatusemi kuwa mchezo huu hauna hatari. Juu ya reli mpya upo umeme wa volti 25,000, na mwenye haraka ni ndugu wa mwenye ajali. Kwa hiyo masharti yawe makali: anayekimbia juu ya jukwaa la stesheni, anayesukuma wazee mlangoni, anayevuka reli pasipo na kivuko, au anayepanda mlimani bila ya ruhusa na kiongozi wa njia, huyo ametoka mchezoni hata kama ametangulia kufika. Mchezo usio na adabu ni fujo.

Kwa wakubwa wa serikali, wa visiwani na wa bara, maombi yetu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje. Kwanza, wenye boti na wenye treni wakae pamoja, watoe ratiba moja ya kuunganisha safari, ibandikwe Malindi, Dar es Salaam na Kihonda kwa maandishi yanayosomeka. Pili, halmashauri ya Morogoro ihakikishe kuwa kila treni inaposhusha abiria, mchana au usiku, daladala zipo. Tatu, vijana wakiomba ruhusa ya kucheza mchezo huu, wasijibiwe kwa ukali wala kupelekwa kutoka ofisi hii kwenda ile. Wapewe masharti, wapewe baraka, na wakirudi yasomwe madaftari yao.

Watu wa visiwani tumelelewa na bamvua na maji mafu. Tunajua kuwa bahari haimngoji nahodha. Reli nayo imejengwa kwa fedha nyingi za wananchi ili ishike wakati. Basi na waachiwe vijana waipime, nasi tuwe tayari kuyasikia watakayotuambia.