Mlango wa motokari lazima ufunguke hata bila umeme

Kila mtu mwenye kushuka ndani ya shimo anajua sheria hii: usiingie pahali kama hujui utatokea wapi njia ya kwanza ikifungika. Kazini tunaishika. Lakini tukipanda motokari na watoto, tunaisahau.

Motokari zingine za leo, mlango unafunguliwa na umeme. Unagusa kidogo tu, mashini njo inafanya kazi. Motokari za umeme, zile ambazo nyingi zinabeba ndani ya batri kobalti ya kwetu Kolwezi, nyingi ziko vile. Mtu anafikiri: batri kubwa imejaa, basi mlango hauwezi kukataa. Sivyo. Mara nyingi mlango unategemea batri ingine, ndogo, ya volti 12. Ile ikizimika, kubwa haisaidii kitu.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Mwezi wa 9 mwaka 2025, serikali ya Marekani ilianza uchunguzi juu ya motokari karibu 174 000 za Tesla Model Y za mwaka 2021. Wazazi walikuwa inje, mtoto ndani, na vishikio vya inje vikakataa. Wengine walivunja kioo. China nayo imeamuru: kuanzia tarehe 1 Januari 2027, motokari za aina mpya lazima ziwe na kishikio cha kufungua kwa mkono, ndani na inje.

Sisi tusingojee. Mwenye motokari atafute leo kishikio cha mkono iko wapi. Kwa Model Y, mlango wa mbele uko nacho karibu na vidude vya kupandisha vioo. Milango ya nyuma, zingine hazina kabisa. Kwa hiyo mtoto ajue kupita mbele. Hata kwa motokari ya kawaida, kama umefunga kufuli ya watoto, mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Na ufunguo wa kubonyeza, mara nyingi kuko ufunguo wa chuma umefichwa ndani yake: uutoe, uujaribu. Yote yakishindikana, piga kioo cha pembeni, kwenye kona. Kioo cha mbele usipoteze nguvu nacho.

Tena kuko basi za wafanyakazi. Milango yake mingi inasukumwa na hewa, na karibu na mlango kuko kishikio cha hatari: ukikigeuza, hewa inatoka, unasukuma mlango kwa mkono. Ni wangapi kati yetu wanakijua? Tunaomba wakubwa wa kampuni wakionyeshe kwa kila mfanyakazi, na wajumbe wa sendika waangalie kama hakikuvunjika ao kufungwa na waya.

Mwenye kuuza motokari naye, mbele ya kupokea feza, aonyeshe namna ya kutoka. Akishindwa kuonyesha, mnunuzi arudishe feza mfukoni.

Baba, mama, fanyeni kama kazini: zimeni yote, jaribuni mlango, watoto wakiangalia. Inaomba dakika tano tu.