Matokeo ya dawa yatangazwe hadi sokoni

MWEZI uliopita hapa Mukuju, mchuuzi mmoja alitoa mfukoni kichupa kidogo mithili ya kile cha chanjo. Alidai ni protini ya kinga kutoka maabara ya ng'ambo, na kwamba inaponya Ukimwi na malaria. Wanunuzi hawakukosekana.

Nilimkumbuka marehemu binamu yangu. Mnamo Julai 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba watafiti wa KEMRI jijini Nairobi wamepata dawa ya Ukimwi iitwayo Kemron. Binamu aliuza ng'ombe wawili, akavuka Malaba, akauziwa vidonge na mtu asiyemjua aliyeapa kuwa ndiyo dawa yenyewe. Vidonge viliisha. Mwaka uliofuata tukamzika.

Kemron ilikuwa na interferoni, protini ambayo seli zetu hutoa kuonya seli nyingine kwamba virusi vimeingia. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliitambua jijini London mwaka 1957. Baadaye wanasayansi walijifunza kuitengeneza kwa kupachika jeni ya binadamu ndani ya bakteria.

Tusidanganyane, interferoni si kitu bure. Ikidungwa na daktari kwa kipimo chake, imetibu homa ya ini na baadhi ya saratani. Kemron ilikuwa kiasi kidogo mno kinachoyeyushwa mdomoni.

Ukweli ulipimwa upande wetu wa mpaka. Madaktari jijini Kampala waliwachukua watu 560 wenye virusi vya Ukimwi. Baadhi walipewa interferoni, wengine dawa bandia, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: hapakuwa na tofauti yoyote ya maana.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Tangazo la 1990 lilitoka kinywani mwa Rais, likafika kila soko. Matokeo ya 1998 yalitoka katika jarida la wataalamu. Ni mchuuzi gani wa Busia angelisoma?

Sasa turudi kwa kile kichupa. Protini za aina hiyo huuzwa kwa maabara, na aghalabu huandikwa kwamba ni za utafiti tu, si za kutibu binadamu. Hata hapa Tororo watoto wetu wametolewa damu katika utafiti wa malaria, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 wanasayansi walieleza jinsi seli zao zinavyotoa interferoni ya aina ya gama. Katika kazi kama hiyo, protini ya kichupa husaidia kuhakikisha kwamba vipimo havidanganyi. Ni kama jiwe la mizani: hukusaidia kupima sukari, lakini hulitii kwenye chai.

Kilichookoa watu wetu ni dawa zilizopimwa. Tangu mwaka 2003, wahudumu wenye pikipiki walianza kuwapelekea wagonjwa wa Tororo dawa za ARV hadi majumbani. Binamu hakuziwahi.

Kwa hivyo nina ombi kwa serikali zetu mbili na kwa watafiti. Utafiti ukimalizika, matokeo yasomwe redioni na sokoni kwa Kiswahili, Ateso na Dhopadhola, hasa yanaposema dawa haikufaa. Aliyetoa damu ana haki ya kujua ilifunua nini.

Nanyi ndugu zangu mliorejea nyumbani na akiba zenu, pamoja na wafanyabiashara wa Malaba na Busia, hamnunui gunia la mahindi bila kuchovya mkono ndani. Mkiletewa dawa, ulizeni ilipimwa kwa watu gani, ikalinganishwa na nini, na mamlaka ipi imeiidhinisha. Muuzaji akianza kukasirika, rudisheni pesa mfukoni mwende zahanati.