Damu, Jeni na Maana ya Mwitikio

Katika mwambao wa Malindi na Kilifi, neno "damu" lina uzito wake. Hutaja ukoo, kabila, hata majaliwa ya mtu. Ndiyo sababu mzazi asikiapo kwamba tofauti za jeni huathiri utendaji wa chanjo, ni rahisi kwake kudhani ameambiwa kuwa ipo chanjo isiyofaa damu ya Mgiriama au ya Mbajuni. Dhana hiyo ni potofu, na yamkini ikamgharimu mtoto maisha yake. Hapana budi walimu na wanafunzi waing'oe mapema.

Tuanze na lugha. "Chanjo" imetokana na kitenzi "chanja", yaani kukata ngozi. Neno hilo latueleza kazi ya mganga. Kazi ya mwili halituelezi. Kazi ya mwili imo katika neno "mwitikio". Chanjo ni wito, na mwili huitika kwa kuunda kingamwili na chembe zenye kumbukumbu ya adui. Wito ni mmoja, lakini waitikaji hawana sauti moja.

Sababu mojawapo ni jeni ziitwazo HLA. Protini zitokanazo na jeni hizo hushika vipande vya kijidudu na kuvionyesha chembe za kinga, mfano wa dalali wa ufuoni ainuaye samaki ili wanunuzi wamwone. Protini za mtu huyu hukishika kipande fulani barabara. Za mwenziwe hukishika kwa shida. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 kuhusu watoto wachanga wa Uganda, Burkina Faso na Afrika Kusini ulionyesha kwamba tofauti hizo huathiri kiasi cha kingamwili baada ya chanjo za utotoni, ikiwemo ya kifaduro.

Je, tofauti hizo ni za makabila? La. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana takriban nafasi moja tu katika 4 ya kurithi jeni za HLA zilizo sawa. Tofauti imo ndani ya nyumba kabla hatujafika kwa jirani.

Aidha, jeni hazifuati mipaka ya lugha. Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, alieleza mwaka wa 1954 kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliikuta jeni hiyo kwa wingi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na kwa uchache mno nyanda za juu. Wagiriama na Wakikuyu wote husema lugha za Kibantu, ilhali Waluo hawamo katika jamii hiyo. Hata hivyo, katika jambo hili Mgiriama yu karibu na Mluo kuliko Mkikuyu. Mbu ndiye aliyechora mpaka.

Wala si haki kuitwisha jeni ya binadamu kila lawama. Umri, lishe na maradhi mengine huathiri mwitikio. Hata kimelea kina jeni zake. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Kilifi kikiwa kimojawapo. Uchunguzi wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, chanjo hiyo ilikinga kwa takriban asilimia 50 dhidi ya vimelea vilivyolingana na kielelezo chake, na asilimia 33 dhidi ya vile visivyolingana, katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mwitikio hafifu si kukosa mwitikio, wala si hukumu juu ya ukoo. Ni hoja ya kuchunguza jeni za Waafrika kwa bidii zaidi, ili chanjo zijazo ziundwe kwa kuwazingatia watoto wetu. Mwalimu wa Biolojia na mwalimu wa Kiswahili na wakae meza moja, waandike maana za "jeni", "kingamwili" na "mwitikio" kwa maneno ambayo mwanafunzi ataweza kumfafanulia mamake jioni, kwa Kiswahili ama kwa Kigiriama.