Siku familia ilipojua baba hula nini mchana

Baba alikuwa ameahidi tangu mwezi Juni: binti yake mkubwa akimaliza mtihani wa Darasa la Saba, familia nzima itaenda kula mgahawani. Mtihani ukafanyika Septemba, na ahadi ikadaiwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu watano wakatoka nyumbani kwao Malangali, Manispaa ya Sumbawanga. Baba ni fundi ujenzi. Mama anauza maharage kwa sado. Binti ana miaka 13, mdogo wake yuko Darasa la Tatu, na wa mwisho, mwenye miaka mitatu na nusu, alibebwa mgongoni kwa sababu ya upepo na vumbi.

Walikwenda kwa mama lishe mmoja, jirani na nyumba ambayo baba anajenga. Ni mgahawa wa kawaida: paa la bati, meza nne zenye vitambaa vya plastiki, ndoo ya maji yenye koki mlangoni, na ubao ulioandikwa bei kwa chaki. Wali nyama 3,000. Ugali migebuka 3,500. Ugali dagaa 2,000. Wali maharage 2,000.

Watoto wakasalimia, "Shikamoo mama." Mama lishe akaitikia kwa furaha, "Marahaba wanangu, karibuni." Kisha akamgeukia baba.

"Fundi, leo umetuletea familia! Nikuletee ile yako ya kila siku?"

Kijana wa Darasa la Tatu akauliza hapo hapo, "Baba, ya kila siku ni ipi?"

Mama lishe akajibu huku akicheka, bila kujua anachofungua: "Si wali nyama na bakuli la supu. Baba yenu hapa hakosi."

Baba akatazama ubao kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Mama akamshusha mtoto mgongoni, akamkalisha, akaanza kumfungua koti. Hakusema neno.

Binti naye alikuwa anasoma bei. Midomo yake ilikuwa inacheza, anajumlisha. Baba akamwambia, "Leo ni siku yako, chagua unachotaka." Akajibu kwa sauti ndogo, "Wali maharage tu, baba."

Maharage ndiyo wanayokula nyumbani karibu kila siku.

Siri isiyokuwa siri

Usiku, watoto walipolala, mama ndipo alipozungumza. Hakulalamikia nyama. Alisema jambo lililomuuma zaidi.

Kwa miaka, baba akirudi jioni na kukuta ugali na majani ya maboga, humega matonge mawili matatu kisha husema, "Mimi nimeshiba, wapeni watoto." Mama alikuwa akiamini kwamba mumewe anajinyima. Aliwahi hata kuwaambia watoto, "Mwoneni baba yenu anavyowapenda, anawaachia chakula." Kumbe alikuwa ameshiba kweli.

Baba naye alikuwa na la kusema. Anaanza kubeba tofali na kuchanganya zege saa moja asubuhi, anamaliza saa kumi jioni. Bila chakula kizito mchana, mwili haumbebi, na bila mwili hakuna ujira. Hajawahi kunywa pombe kwa fedha ya nyumba. Ada, sare na madaftari vinatoka kwake. Hakuiba chochote.

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Katika nyumba nyingi hakuna aliyeamua kwamba mmoja ale vizuri na wengine wale kidogo. Mgawanyo huo hujitokeza wenyewe. Anayetoka kutafuta fedha hula barabarani, kwa fedha iliyo mfukoni mwake. Wanaobaki hula kilichopo. Kwa kuwa meza hizo mbili hazikutani, hakuna anayeziona kwa pamoja, mpaka siku familia nzima inapoketi mgahawani.

Nyanda za mahindi, watoto wafupi

Suala hili lina uzito wa pekee Rukwa. Uwanda wa juu wa Ufipa ni miongoni mwa maeneo yanayolisha nchi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi huku. Maharage, ulezi na viazi vinastawi. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, ambako migebuka na dagaa hutoka bandari za Kasanga na Kirando. Upande wa mashariki, chini bondeni, kuna Ziwa Rukwa lenye kambare na perege, na mashamba ya mpunga.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kwa nchi nzima kiwango kilikuwa asilimia 30. Utafiti kama huo wa 2015/16 uliikuta Rukwa kwenye asilimia 56, kwa hiyo kuna nafuu, lakini bado safari ni ndefu.

Tatizo si njaa ya kulala bila kula. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akadumaa, kwa sababu tumbo limejaa nafaka lakini mwili haujapata samaki, yai, maziwa, mikunde, mboga na matunda ya kutosha. Maradhi ya kuhara ya mara kwa mara nayo hupoteza hata kile kidogo alichokula. Madhara makubwa hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili. Baada ya hapo kurudisha urefu uliopotea ni kazi ngumu, ingawa chakula bora bado kinamsaidia mtoto kuwa na damu, nguvu na usikivu darasani.

Mama huyu wa Malangali alilijua hilo. Kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwisho ilikuwa kabatini, na muuguzi alishamweleza kwamba kimo cha mtoto kiko nyuma ya umri wake. Hakuwa amemwambia mumewe. Aliona aibu, kana kwamba kosa ni lake peke yake. Usiku ule alimwonyesha ile kadi.

Hesabu ya mezani

Kesho yake walikaa na daftari. Wali nyama wa 3,000 kwa siku sita za kazi ni 18,000 kwa wiki. Baba akisema aache kabisa kula mgahawani, ataanguka kazini. Akiendelea vile vile, nyumbani hakuna kitakachobadilika.

Walikubaliana hivi: siku tatu za wiki atakula wali maharage au ugali dagaa wa 2,000, na atamwomba mama lishe amwongezee mboga za majani. Siku mbili atabeba chakula kutoka nyumbani kwenye hotpoti. Siku moja atakula nyama yake. Hesabu ikawa 9,000. Nusu ya fedha imebaki, na hakuna siku atakayoshinda na njaa.

Hiyo 9,000 si fedha ya kununulia nyama kila siku kwa watu watano. Lakini inanunua dagaa wa ziwani, mayai na matunda kwa wiki. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini na madini ya kalisi kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Wakioshwa mchanga vizuri, wakakaangwa kidogo, wakatwangwa na kuchanganywa na karanga, mtoto mdogo anaweza kuwala ndani ya uji wa ulezi au kwenye mboga.

Na kula nje hakukufutwa. Walipanga Jumapili ya mwisho ya kila mwezi waende wote.

Kwenda mgahawani na watoto bila kuumia

Familia nyingi huogopa kula nje kwa sababu ya gharama, na kweli sahani tano zinaumiza. Lakini kuna njia ambazo wazoefu wa migahawa ya kawaida wanazijua.

Kwanza, uliza bei na kilichopo kabla ya kuketi. Si kila kilichoandikwa ubaoni kimepikwa siku hiyo, na mtoto aliyeahidiwa samaki kisha akaambiwa wameisha ataharibu shughuli nzima.

Pili, agiza chakula kwa ajili ya meza badala ya kila mtu sahani yake. Watu wazima wawili na watoto watatu wanaweza kutosheka na sahani mbili za ugali migebuka, moja ya wali maharage, mboga za kutosha na sahani tupu za kugawia. Mama lishe wengi hawakatai ukiomba kwa adabu, na nyongeza ya ugali mara nyingi ni rahisi kuliko sahani mpya. Kila mtu anaonja samaki, hakuna anayebakiza.

Tatu, gawa kitoweo kabla ya watu kuanza kula, ukianza na wadogo. Sinia ikiachwa iwe ya mwenye mkono mwepesi, mtoto wa miaka mitatu atakula ugali na mchuzi. Mtolee miiba mwenyewe, umwekee vipande vyake pembeni. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiwe wa mwisho. Anakula kwa ajili ya wawili.

Nne, tazama usafi bila kuona haya. Kuna maji yanayotiririka na sabuni? Vyombo vinaoshwa kwa maji safi au kwenye beseni moja tangu asubuhi? Chakula kinatoka jikoni kikiwa cha moto? Kwa mtoto mdogo, wali wa moto na maharage yanayofuka mvuke ni salama kuliko kachumbari iliyokatwa saa nyingi zilizopita. Maji ya kunywa beba ya nyumbani yaliyochemshwa.

Tano, soda isiwe ndiyo sherehe. Chupa moja ya mililita 350 ya soda ya kawaida ina sukari inayozidi vijiko saba vya chai, na humshibisha mtoto kabla chakula hakijafika. Chai nayo ingoje. Majani ya chai yakinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kwenye maharage na mboga. Parachichi au papai lililonunuliwa njiani ni kiburudisho kizuri baada ya chakula.

Sita, mwache mtoto aagize mwenyewe. Anajifunza kusalimia mtu mzima, kuuliza bei, kusema "naomba" na "asante", na kuhesabu chenji. Hayo ni masomo ambayo darasani hayana kipindi.

Lakini zaidi ya yote, mzazi anayekula nje kila siku asiifanye sahani yake kuwa siri. Si lazima ajinyime. Aseme tu nyumbani: leo nimekula hiki, kwa kiasi hiki. Familia inayojua ukweli inaweza kupanga. Familia isiyojua hubaki kushukuru kwa sadaka ambayo haikutolewa, na siku inapogundua, kinachovunjika ni kikubwa kuliko bei ya nyama.

Sahani tano tupu

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, familia ile ilirudi kwa mama lishe yule yule. Salamu zikapita. Mama lishe, ambaye sasa alikuwa ameshaona fundi amebadilisha chakula, hakuuliza tena habari ya kila siku. Alisubiri.

Baba akamgusa binti bega. "Agiza wewe."

Binti akasimama mbele ya ubao, safari hii bila kutikisa midomo. Alikuwa ameshapiga hesabu nyumbani. "Tunaomba ugali migebuka mbili, wali maharage moja na mboga za majani," akasema. Kisha akaongeza, "Na sahani tupu tano, mama."

Chakula kilipofika, baba ndiye aliyegawa. Alimchambulia mdogo miiba kwa vidole vile vile vyenye sugu za tofali, polepole, akimwekea minofu pembeni mwa wali. Mtoto akala yote, akanyoosha sahani.

"Nyingine," akasema.

Baba akatazama kipande kilichobaki kwenye sahani yake, akamsogezea. Mama aliona. Safari hii alijua kwamba mumewe alikuwa bado hajashiba.