Nani kasema amepona?

Nina rafiki niliyesoma naye chuo. Akiwa na miaka sita alipelekwa India kufanyiwa upasuaji wa moyo. Aliporudi, nyumbani kwao pilau lilipikwa: mtoto amepona! Sasa ana miaka 27, na mwaka jana moyo ulianza kumkimbia ghafla akiwa amekaa tu kwenye daladala. Zahanati aliyokimbilia ikamwambia ni mawazo, apunguze kahawa. Jamaa hata kahawa hanywi.

Ndipo nilipoanza kugombana na hilo neno "amepona".

Rafiki yangu alizaliwa na tatizo liitwalo tetralojia ya Fallot. C. Walton Lillehei alilirekebisha kwa mara ya kwanza mwaka 1954 kule Minnesota, Marekani. Daktari huziba tundu lililo kati ya vyumba vya chini vya moyo na kupanua njia ya damu iendayo kwenye mapafu. Mtoto aliyekuwa na midomo ya bluu anaanza kucheza mpira.

Lakini palipokatwa hubaki kovu, na kovu halipitishi umeme wa moyo. Umeme ukifika pale unaweza kunasa, ukawa unazunguka kama bajaji iliyopotea kwenye kiplefti, na kila mzunguko ni pigo. Hali hiyo inaweza kuanza hata miaka 20 au 30 baada ya upasuaji, na ikianzia vyumba vya chini inaweza kuua ghafla.

Tiba ipo. Kuna vidonge, ingawa amiodaroni ikitumika muda mrefu inaweza kudhuru tezi ya shingo na mapafu. Kuna mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, ukaunguza njia ile ya umeme (yaani kovu linatibiwa kwa kovu!). Walio kwenye hatari kubwa huwekewa kifuani kifaa kinachoushtua moyo ukivuruga mapigo.

Tatizo ni kwamba daktari anahitaji kujua mwenzake alikata wapi. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na watoto wanapasuliwa hapahapa Dar. Safi sana. Ila wazazi waambiwe wazi kwamba kliniki ni ya maisha, na ripoti ya upasuaji itunzwe kama hati ya kiwanja.

Rafiki yangu amepata tarehe ya kumwona daktari wa moyo. Mama yake bado anaitafuta ile bahasha ya India. Walishahama nyumba mara tatu.