Choo na gati Saanane vinamhusu hata mkulima wa Mkolani

UJENZI wa choo na gati katika hifadhi ya taifa unaweza kuonekana si habari ya kumshughulisha mkulima wa mchicha wa Mkolani. Lakini Saanane, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, haiko porini. Iko mbele ya Capri Point, ndani ya Jiji la Mwanza, na eneo lake ni kilometa za mraba 2.18 tu, maji yakiwamo. Hapo hapo Capri Point ndipo kilipo chanzo cha zamani cha maji ya bomba ya jiji. Choo kikivuja kisiwani, maji hayaulizi mpaka wa hifadhi uko wapi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za mradi zipimwe kabla haujaanza. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 yaliigawa miradi katika makundi: mikubwa tathmini kamili, midogo andiko fupi. Hilo lina mantiki, maana kumlipa mtaalamu wa tathmini kamili kwa vibanda viwili na njia ya miguu ni hasara. Kasoro ni kwamba ziwa hujumlisha. Mwaka huu gati, mwakani jiko, baadaye mahema; kila kimoja ni kidogo, vyote pamoja ni hoteli.

Tena sheria hiyo hiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Aliyeondolewa na bustani yake ya nyanya ana haki ya kuuliza mbona gati linaruhusiwa. Jibu ni kwamba gati halijengwi mlimani. Choo je? Hicho kinaweza kusogezwa, ingawa Saanane ina miamba mingi na kuchimba shimo ni kazi. Pengine nafuu ni kubeba majitaka hadi bara. Gharama hiyo iandikwe mapema.

Halafu kuna biashara. Kisiwa kina jina la Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima hapo kabla serikali haijakichukua mwaka 1964 kwa ajili ya bustani ya wanyama. Leo mgeni anayeshinda huko anahitaji sato, mboga na matunda. Andiko la mradi likitaja jiko bila kusema vyakula vitanunuliwa wapi, mzabuni mmoja ataleta vyote. Kikundi cha wauza mboga kinachotaka nafasi hiyo kipeleke maoni yake kwa maandishi, kupitia ofisi ya kata, kabla cheti cha mazingira hakijatolewa.