Wanafunzi na Nyumba za Vanga

Mto Umba, ushukao kutoka milima ya Usambara hadi baharini karibu na Vanga, Kwale, ukifurika hubomoa kuta za udongo za nyumba na kuziacha fito wazi. Nazo mvua za El Nino za mwaka 2023 zilitukumbusha sisi wa Kwale kwamba unga na mablanketi, ijapokuwa ni faradhi kuyatoa, hayamrejeshi mtu chini ya paa lake.

Rai yangu ni kuwa wanafunzi wa ufundi wa Msambweni na Diani, katika mafunzo yao ya kazini, wapelekwe na jumuiya za hisani kuzijenga upya nyumba hizo, kwa sharti kwamba fundi wa kijiji, ajuaye kufunga fito na kukandika, ndiye awe mwalimu wao, na ujira wake usipunguzwe kwa hoja kwamba vijana hawadai malipo.